Sarafu Ndani ya Ufuta

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii ni ya kweli, lakini kuna jambo moja haikulijibu: moyo ukinyamaza je? Moyo wa binadamu hupanda na kushuka. Leo umemwona mama anayeomba njiani ukaguswa, kesho unampita ukiwaza madeni yako. Maskini anayengoja moyo wa mwenye mali uguswe atangoja sana. Dini kubwa zilitambua hilo mapema, ndiyo maana hazikuiachia huruma kazi yote. Ziliipa sadaka siku yake, kiasi chake na utaratibu wake.

Sura hii inaitazama siku moja ya namna hiyo: Makar Sankranti, sikukuu ya Wahindu ambayo Wagujarati, walio wengi miongoni mwa Wahindu wa Tanzania, huiita Uttarayan. Huangukia tarehe 14 Januari, mara nyingine 15. Nimeiandika nikimfikiria msomaji wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako watu wengi ni Wakristo na Waislamu, na ambako Mhindi hukumbukwa zaidi kwa duka na mizani kuliko kwa ibada. Nchi hii ya kahawa na ndizi ina sababu yake ya kuijua siku hiyo, na nitaieleza kabla sura haijaisha.

Siku inavyokwenda

Maandalizi huanzia jikoni, siku moja au mbili kabla. Ufuta hukaangwa kwenye sufuria kavu, kwa moto mdogo, hadi punje zianze kuruka na harufu yake ijae nyumba nzima. Pembeni, sukari guru huyeyushwa pamoja na samli kidogo. Mpishi hudondosha tone moja kwenye kikombe cha maji baridi. Likiganda na kukatika kwa mlio, tayari. Ufuta unamiminwa, unakorogwa upesi, na mikono iliyolowa maji inaanza kufinyanga madonge mchanganyiko ukiwa bado wa moto, maana ukipoa haushikani tena. Hapo ndipo nyumba nyingine huongeza sarafu. Hupachikwa katikati, na donge likafungwa juu yake. Wagujarati huiita gupt dan, sadaka ya siri. Anayepokea anaona kitafunwa tu. Atagundua fedha wakati wa kula, na wakati huo mtoaji ameshaondoka, hakuna wa kumpigia magoti.

Siku yenyewe huanza alfajiri kwa kuoga, kabla mtu hajatia kitu kinywani. Aliye karibu na mto huoga mtoni. Aliye mbali huoga nyumbani, na wengine hutia punje za ufuta katika maji ya kuogea. Kisha mtu husimama akielekea mashariki, huinua chombo cha shaba kwa mikono miwili na kumimina maji polepole mbele ya jua linalochomoza. Marehemu wa ukoo nao hukumbukwa, kwa maji yaliyotiwa ufuta. Hekaluni huimbwa aarti: taa ya samli huzungushwa mbele ya sanamu huku kengele zikilia, halafu hupitishwa kwa waumini, na kila mmoja hupitisha viganja juu ya mwali na kuvigusisha usoni.

Baada ya hapo ni kutoa. Hutolewa ufuta, sukari guru, mchele na choroko za kupikia mseto, samli, nguo, blanketi, vyombo vya nyumbani. Ng'ombe hulishwa nafaka zilizochemshwa. Mchana watoto na vijana hupanda juu ya mapaa kurusha tiara, na jioni watu hula pamoja.

Huko India siku hii hukusanya umati mkubwa sana. Mahujaji hufurika kisiwa cha Sagar, mto Ganga unapoingia baharini, na Prayagraj, Ganga unapokutana na Yamuna. Mwaka 2025, Makar Sankranti ilikuwa mojawapo ya siku kuu za kuoga katika Maha Kumbh. Lakini kuoga na kutoa huendana. Anayeosha mwili asipunguze mali yake, kwa mapokeo ya Kihindu, amefanya nusu ya ibada.

Jua, mwezi na ngoma za Bweranyange

Sikukuu nyingi za Wahindu hufuata mwezi, ndiyo sababu Diwali huhama kati ya Oktoba na Novemba. Makar Sankranti hufuata jua. Ni siku ambayo, kwa hesabu ya wanajimu wa Kihindu, jua huingia katika kundi la nyota la Makara na kuanza safari ya kurudi kaskazini. Uttarayan maana yake ni safari hiyo.

Anayejua falaki atauliza: jua si hugeuka Desemba 21 au 22? Ni kweli. Mhimili wa dunia hutikisika taratibu mno, kiasi cha kuisogeza hesabu ya nyota kwa takriban siku moja kila miaka 72. Miaka 1,700 hivi iliyopita siku hizi mbili zilikuwa zinakutana. Leo zimepishana kwa zaidi ya wiki tatu. Wahindu wameendelea kufuata nyota. Kipindi hiki cha jua kwenda kaskazini kina heshima ya pekee kwao. Katika utenzi wa kale wa Mahabharata, mzee Bhishma, akiwa amelala juu ya mishale iliyomchoma, anajizuia kufa hadi jua ligeuke.

Gujarat wakati huo ni majira ya baridi, na ufuta na sukari guru huliwa kwa sababu huaminika kutia mwili joto. Blanketi nalo hutolewa kwa sababu kuna anayelihitaji usiku huohuo. Karagwe, iliyo chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, hali ni nyingine. Katikati ya Januari jua la adhuhuri liko upande wa kusini, na halitafika utosini hadi katikati ya Machi. Mvua za vuli zimekatika, masika bado, na maharage ya msimu yameshavunwa.

Hata hivyo, kuifungamanisha mbingu na wajibu si jambo geni hapa. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 na kupokewa na Mfalme Rumanyika, ambaye jina lake sasa limo katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, alishuhudia sherehe ya mwezi mwandamo katika ikulu ya Bweranyange. Ngoma zaidi ya thelathini zilipangwa safu moja zikapigwa, na watu wakaja mmoja mmoja mbele ya mfalme kuonyesha utii wao. Speke anasema ilifanywa kila mwezi, ili ijulikane nani bado yu pamoja na mfalme. Mwezi ulipoandama, mtu hakujiuliza kama leo ana moyo wa kwenda Bweranyange. Siku imefika, anakwenda. Nguvu ya siku takatifu iko hapo.

Masharti ya sadaka

Kutoa kwa Wahindu huitwa dana, na wanazuoni wao wameandika mengi kuhusu masharti yake. Maelezo yanayorejewa zaidi yamo katika sura ya 17 ya kitabu chao kitakatifu, Bhagavad Gita, ambayo inagawa sadaka katika daraja tatu.

Ya kwanza ni ile inayotolewa kwa sababu ni wajibu, mahali panapostahili, wakati unaostahili, kwa anayestahili, tena kwa mtu asiye na namna ya kurudisha fadhila. Ya pili hutolewa kwa matarajio: sifa, upendeleo, thawabu, au basi tu mtu ametoa huku roho inamuuma. Ya tatu ni ile inayotolewa bila heshima, kwa dharau, mahali na wakati usiofaa.

Daraja hilo la tatu linatuhusu sana. Tumeona watu wazima wakipangwa foleni juani kusubiri kilo mbili za unga, halafu wakaambiwa wainue mfuko juu wapigwe picha. Mzee mwenye wajukuu anaitwa mbele ya kamera aseme amefurahi. Unga ni uleule, njaa imepungua, lakini kitu kingine kimechukuliwa kwake bila ridhaa. Gita haiiti hiyo sadaka pungufu. Inaiweka katika daraja la giza.

Kiasi nacho kina kanuni. Sahajanand Swami, mwanzilishi wa madhehebu ya Swaminarayan ambayo yana wafuasi wengi Afrika Mashariki, aliandika Shikshapatri huko Vadtal, Gujarat, mwaka 1826. Ni kijitabu cha beti 212, na ndani yake amewaagiza waumini watoe sehemu ya kumi ya mapato yao, na walio na hali duni watoe sehemu ya ishirini. Mkristo wa Nyakahanga, Karagwe, atalitambua fungu la kumi papo hapo. Mwislamu atakumbuka zaka ya asilimia mbili na nusu. Nukta ya kuzingatia katika Shikshapatri ni kwamba maskini hakuachwa nje. Alipunguziwa, hakusamehewa, kwa kuwa kumwambia mtu hana cha kutoa ni kumwondoa katika hesabu ya watu.

Sarafu iliyofichwa hutimiza sharti la kutotarajia malipo kwa njia ambayo mahubiri peke yake hayawezi. Uislamu unafundisha mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia, na Injili ya Mathayo inasema vilevile. Mafundisho ni yaleyale, lakini tunajua yanavyotokea kwenye harambee zetu: kipaza sauti, jina, kiasi, makofi, na anayefuata analazimika kumpita aliyetangulia. Katika ibada za mavuno makanisani, mkungu wa ndizi au jogoo hupigwa mnada na jina la mnunuzi likatangazwa. Mnada huo una furaha yake na umejenga makanisa mengi. Sina ugomvi nao. Lakini jamii inayojua kutoa kwa kutangaza tu itawakosa wanaoona aibu kuonekana wakipokea, na hao mara nyingi ndio wenye shida kubwa zaidi.

Pembe za ndovu zilikokwenda

Mhindi wa kwanza anayefahamika vizuri katika historia ya Karagwe hakuwa Mhindu. Alikuwa Musa Mzuri, Mwislamu wa jamii ya Khoja kutoka Surat, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyejenga Kaze, Tabora ya leo, na kufanya biashara hadi Karagwe. Rumanyika alipogombana na ndugu yake Rogero juu ya kiti cha ufalme, msafara wa Musa wenye bunduki ndio uliomsaidia Rumanyika kushinda. Karibu na ikulu, pale Kafuro, palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani.

Wahindu walikuwa mwisho mwingine wa njia hiyohiyo. Tangu miaka ya 1830, kampuni ya Jairam Shivji, ya Wabhatia kutoka Kutch, magharibi mwa India, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa sultani. Mabaniani, kama walivyoitwa pwani, waliwakopesha Waarabu na Waswahili bidhaa za misafara, nao wakalipwa kwa pembe. Pembe iliyotoka bara ilishuka Tabora, ikafika Bagamoyo, ikavuka hadi Unguja na kupakiwa kwenda Bombay. Sehemu ya pembe zilizofika huko ilichongwa bangili za maharusi wa Gujarat na Kutch.

Mfanyabiashara wa Kihindu wa wakati huo alikuwa mcha Mungu. Alifunga siku zake, hakula nyama, na siku ya Uttarayan alitoa ufuta na nguo. Faida yake ilichimba visima vijijini kwao, ikajenga nyumba za kulala wasafiri, mahekalu na mabanda ya ng'ombe wazee. Sadaka hizo zilikuwa za kweli na zilimfaa binadamu. Ila zilivuka bahari. Nchi iliyotoa pembe, na wapagazi walioibeba mabegani miezi kadhaa, hawakuwa katika orodha ya wapokeaji. Gita ilisema mahali panapostahili. Kwa vizazi kadhaa, mahali palisomeka kuwa nyumbani Kutch.

Baniani mbaya

Wajerumani walipoweka kituo Bukoba mwaka 1890, na baadaye reli na meli zikaunganisha Ziwa Viktoria na pwani, wenye maduka wa Kihindi walifuata. Waliuza nguo, chumvi, mafuta ya taa na majembe, na walinunua kahawa. Biashara nyingi zilikuwa kwa mkopo, na daftari la duka lilikuwa kitu cha heshima. Usiku wa Diwali madaftari mapya huwekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, hunyunyiziwa mchele na rangi nyekundu, na juu ya ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, shubh na labh: heri na faida. Heri hutangulia. Kwa muumini mkweli, mpangilio huo ni fundisho: faida isiyotanguliwa na heri haina baraka.

Mkulima aliyekuwa upande wa pili wa mizani alikuwa na maoni yake. Aliona kahawa yake ikinunuliwa kwa bei ndogo na kuuzwa kwa bei kubwa. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, mtangulizi wa KCU, chama kikuu cha Kagera, kilianzishwa mwaka 1950 kwa madhumuni hayo, mkulima auze mwenyewe bila kupitia kwa mchuuzi. Karagwe nayo baadaye ilipata chama chake kikuu, KDCU. Azimio la Arusha mwaka 1967 na sheria ya kutaifisha majumba ya mwaka 1971 viliwafanya Wahindi wengi waondoke Tanzania. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya Mto Kagera, Idi Amin aliwafukuza wale wa Uganda.

Kumbukumbu ya uhusiano huo imebaki katika methali moja: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Ina lawama na shukrani kwa pamoja. Wapo wanaoitumia kumtukana Mhindi, na wapo wanaoitumia kukiri kwamba asiyependwa huweza kufaa. Mimi naisoma kama shtaka ambalo mafundisho ya Kihindu yenyewe yangelikubali, kwa sababu wanazuoni wa dana waliweka sharti jingine juu ya yale ya Gita: mali inayotolewa iwe imechumwa kwa haki. Aliyedhulumu kwenye mizani Jumatatu hawezi kujisafisha kwa blanketi Jumanne. Kitakachomsafisha ni kurudisha alichodhulumu.

Mpokeaji anayestahili ni nani

Kwa karne nyingi jibu la swali hili lilikuwa finyu: mpokeaji bora ni kuhani, Brahmini mwenye elimu, kisha watu wa tabaka lako. Mabadiliko yaliletwa na Wahindu wenyewe. Swami Vivekananda, aliyeanzisha Ramakrishna Mission mwaka 1897, alifundisha kwamba Mungu aabudiwe ndani ya maskini, na kwamba kumlisha mwenye njaa ni ibada kamili. Gandhi, ambaye alizaliwa Porbandar, pwani ileile iliyoleta watu wengi Afrika Mashariki, aliishi na fundisho hilo na kulieneza.

Huku kwetu duara lilipanuka taratibu. Kwanza ilikuwa kila jamii na jumba lake: Walohana kwao, Wapatel kwao. Baadaye zikaja taasisi zilizofungua milango. Fedha zilizochangwa na Wahindi wa Afrika Mashariki kwa kumbukumbu ya Gandhi ziliunganishwa na chuo cha ufundi cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1956 kupokea wanafunzi wa rangi zote, na leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Hospitali ya Shree Hindu Mandal jijini Dar es Salaam hutibu mtu wa dini yoyote, na Mwanza kuna Hospitali ya Hindu Union. Kambi za macho na za miguu ya bandia zinazoendeshwa na jumuiya za Kihindi zimewarudishia watu wengi wa mikoani uwezo wa kuona na kutembea, bila kuuliza anasali wapi.

Hizi ni hatua za kuheshimiwa. Kuna Wahindu wa kizazi cha nne na cha tano ambao Kutch kwao ni hadithi ya babu, na mahali panapostahili ni mtaa wanaoishi. Sadaka iliyovuka bahari imeanza kubaki, na uhusiano wa majirani unaanzia hapo.

Januari ya Karagwe

Sasa nirudi kwenye ile sababu niliyoahidi kuieleza. Gita inataka sadaka itolewe wakati unaostahili. Wakati wa Karagwe na Kyerwa ni upi?

Kahawa hapa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka. Ikifika Januari fedha za mauzo zimekwisha, matunda mapya ni ya kijani mtini, na shule zinafunguliwa. Ada za kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ziliondolewa kuanzia mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari, godoro la mtoto wa bweni na nauli havikuondolewa. Mzazi aliyefaulisha mtoto kuingia kidato cha kwanza hana mwezi mgumu kuliko huu.

Hapo ndipo butura inapoingia. Mwenye fedha humpa mkulima kiasi kidogo leo, na kwa malipo huichukua kahawa iliyo mtini, kwa bei waliyopatana mkulima akiwa amebanwa. Msimu ukifika, anayevuna faida ni yule aliyekopesha. Mkulima amepalilia, amekata matawi, amemwagiwa na mvua, na gunia linakwenda kwa mwingine. Viongozi wa serikali wamekuwa wakiikemea butura mwaka baada ya mwaka, pamoja na magendo ya kahawa yanayovuka mpaka wa Kyerwa kwenda Uganda. Karipio limepunguza, halijamaliza, kwa sababu shida inayomsukuma mkulima haiondoki kwa karipio.

Na anayenunua butura leo si Baniani. Ni jirani, ni ndugu wa ukoo, ni mtu anayekaa benchi la mbele kanisani au safu ya kwanza msikitini. Methali ile ya zamani imepata mwenyewe mpya, na ni sisi. Mtu huyohuyo siku ya harambee husimama akaahidi mifuko hamsini ya saruji, akapigiwa makofi. Kwa sharti la mali ya haki, saruji ile bado ni ya mkulima aliyeuza kahawa ikiwa changa.

Simwiti msomaji aingie dini ya Kihindu. Dini zake mwenyewe zinamtosha kwa hili, na zinasema yaleyale. Ninalolitoa katika Makar Sankranti ni utaratibu wake, ambao kijiji chochote kinaweza kuuchukua bila kubadili imani. Kwanza ni tarehe. Ushirika wa msingi, jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki, mtaa wa Kilutheri, msikiti, au kikundi cha kuweka na kukopa kipange siku moja katikati ya Januari na kiwe na mfuko wa shule, uliojazwa kidogo kidogo tangu wakati wa mavuno, fedha zikiwa bado zipo. Pili ni kiasi: kila mwanachama na sehemu yake, mkubwa kwa ukubwa wake na mdogo kwa udogo wake, asiwepo anayesamehewa wala anayetangazwa. Tatu ni siri. Walimu wakuu na wenyeviti wa vitongoji wanawajua watoto wenyewe. Sare na godoro vinaweza kumfikia mtoto kupitia shuleni, pasipo mzazi kuitwa mbele ya watu.

La nne ni gumu kuliko yote. Ni kwa yule aliyekwisha kushika kahawa ya mwenzake. Siku hiyo aende kwake, bila mashahidi, amwambie: ndugu yangu, nirudishie fedha zangu tu, kahawa yako uvune mwenyewe. Kitendo hicho hakitaandikwa katika kitabu cha michango cha kanisa wala cha msikiti. Lakini kwa vipimo vyote tulivyovipitia katika sura hii, vya wakati, mahali, mpokeaji, heshima na mali ya haki, hakuna sadaka itakayotolewa Karagwe au Kyerwa Januari hiyo itakayoizidi. Anayetaka kutoa aanze kwa kurudisha.